Kitufe cha Sikio

Makiso, Kisangani
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa yaya Virginie, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikitumaini barua hii itakukuta mzima huko Opala. Ile homa iliyokushika wakati wa Pasaka imekwisha kabisa? Na paa la nyumba yako ya kituo cha afya, walilitengeneza, au bado unahamisha kitanda kila mvua inapoanza? Mama ndiye anayetaka nikuulize haya yote, na nikuulize pia kama unakula. Nimemwambia kwamba watu wa Opala ni wakulima, hutakosa pondu, yale majani ya muhogo, wala mchele, lakini mama unamjua, hajaridhika.

Sisi hapa hatujambo. Papa Paluku bado anafungua depo yake kabla ya majirani wote. Goti linamsumbua lakini fimbo hataki, anasema wateja wakiiona watadhani duka linafungwa. Mama ameanza tena kuimba kwaya ya misa ya pili, na amegombana na mwalimu wa kwaya mara mbili tu, kwa hiyo mwaka huu ni wa amani. Mimi ni mzima wa mwili. Mambo mengine utayasoma hapo chini.

Utashangaa kupata barua ilhali sote tuna simu. Nimeiandika kwa mkono na kumpa Zakaria, yule anayepeleka chumvi na sabuni Opala kwa pikipiki, nikamwomba aikabidhi kwako wewe mwenyewe, si kwa mtu wa jirani. Ndani ya bahasha utakuta pia kadi ndogo ya kumbukumbu, ile inayoingia kwenye simu, nimeifunga kwa kipande cha daftari. Usiitupe ukidhani ni takataka. Nitakueleza kazi yake mwishoni, na nakuomba, yaya, leo usianze kusoma barua kutoka chini kama ilivyo desturi yako.

Nataka kukuhadithia jambo la vitufe.

Somo letu la Dakika ya Kwanza ya mtoto mchanga unalijua kuliko mimi, kwa kuwa maneno yake yote ni yako. Wewe ulilitolea sauti, Plamedie akalichorea picha, mimi nikavikusanya vyote kwenye ile programu ya kutengenezea masomo na kuvitia kwenye tableti za wakunga wa vijijini. Tulilipanga hivi kwa sababu wengi wao hawakusoma sana: kwenye ukurasa kuna kitufe chenye picha ya sikio, mkunga anakibonyeza, sauti yako inamuuliza swali. Kisha unatokea mshale wa kwenda mbele. Ukurasa unaofuata una picha tatu, naye anachagua moja. Maswali ni manane, na akishachagua hawezi kurudi nyuma, maana Monsieur Hugues, mkuu wetu, alitaka pasiwe na mtu wa kubahatisha.

Matokeo ya Yanonge unayakumbuka pia, na unisamehe kwa kuyarudia. Wale wanawake tisa uliowafundisha kwa miaka mitatu, wote walipata mbili kwa nane. Kwenye swali la kwanza, mtoto ametoka na halii, wote tisa walichagua picha ya beseni la maji baridi. Ripoti ikasema mwalimu wao hakuwapa hata maarifa ya msingi. Mwezi wa tatu wewe ukaondolewa kwenye mafunzo, ukapelekwa Opala kupima uzito wa watoto, wewe uliyewapokea watoto mia ngapi sijui. Siku ya kuondoka ulimwambia Papa, mimi nimesimama pale na sanduku lako mkononi, kwamba katika ofisi nzima ni mimi, Muhindo, peke yangu niliyekutetea. Nitarudi kwenye maneno hayo.

Mwezi wa tano yakaja matokeo ya kundi la pili, wakunga kumi na wawili wa Isangi. Mwalimu wao ni Fanny, ambaye wewe mwenyewe husema anafundisha mpaka kuku wa jirani wanaelewa. Wote kumi na wawili, mbili kwa nane. Katika mkutano Monsieur Hugues akasema labda wanawake wa mtoni hawakuumbiwa mashine. Fanny akasimama akasema yeye amewasikia wakilalamika kwamba mashine ndiyo mgonjwa. Akatusomea maneno yao aliyoyaandika kwenye daftari: « Sauti iko naanza, kisha inakufa. Masini iko najibu yenyewe. » Hakuna aliyejua maana yake. Monsieur Hugues akanigeukia, akanipa wiki mbili nijue.

Unanijua nikipewa kitu cha kutafuta. Mimi ndiye niliyefungua redio ya Papa nione msomaji wa habari amekaa wapi, nikairudisha ikiwa na skrubu mbili zimebaki nje, nawe ukazificha kwenye soksi yako ili nisichapwe. Bon, safari hii nilianza na sauti. Nilifikiri faili zako ni nzito kwa tableti zile za zamani, nikazipunguza uzito. Nikazifuta, nikaziingiza upya. Nikakata ile nusu sekunde ya ukimya kabla hujaanza kusema. Nikabadilisha spika za tableti mbili. Halafu nikahamia kwenye vitufe. Katika programu ile kila kitufe unakipa amri zake: kikibonyezwa fanya hivi, sauti ikiisha fanya vile, na amri zikizidi huanza kugongana zenyewe. Somo letu lina amri arobaini na tatu. Nilizisoma zote, nikazichora ukutani kwa chaki, Plamedie akasema ofisi imekuwa ya mganga.

Hapa Kisangani somo halikukosea hata mara moja. Nilibonyeza sikio mara mia mbili, nikahesabu. Plamedie alibonyeza kwa mkono wa kushoto, akabonyeza amefumba macho. Nikafikiri ni joto, nikaacha tableti juani kwenye bati la choo hadi ikawa haishikiki, ikasema vizuri tu. Nikafikiri ni vidole vya watu wanaofanya kazi, nikachovya changu kwenye mawese ya mama, akanifukuza jikoni, nayo ikasema. Mwishoni nikaipeleka depo kwa Papa. Aliweka kidole gumba juu ya sikio akakandamiza kwa nguvu, kama anayetia alama kwenye karatasi ya serikali. Sauti yako ikatoka katikati ya magunia ya sukari, na Papa hakuondoa kidole mpaka ulipomaliza swali lote. Kisha akaniuliza unarudi lini. Nilimwambia ndicho ninachokitafuta, nikatoka nje haraka.

Siku ya nane, nikiwa sina tena cha kufungua, nikafungua jedwali. Programu huandika kila kitu: nani, ukurasa gani, amekaa muda gani, amechagua nini. Yaya, wanawake wote ishirini na mmoja walikaa kwenye ukurasa wa sikio chini ya sekunde moja. Kwenye ukurasa wa picha, tena chini ya sekunde moja. Na kila mmoja alichagua picha ya kwanza, kuanzia swali la kwanza hadi la nane. Walipata mbili kwa sababu picha ya kwanza ilikuwa sahihi katika maswali mawili tu. Hakuna mtu anayeweza kukosea hivyo kwa akili yake, wala watu ishirini na mmoja kukosea sawasawa kwa bahati. Nikalifunga jedwali haraka. Sababu yake nitaisema, lakini acha kwanza nifike Yanonge.

Nilipanda boti ya Jumanne. Mama Marthe, mkubwa wa wakunga, alikuwa amekaa nje ya kituo cha afya anachambua mchele, na kabla sijaweka mguu chini vizuri aliniuliza Virginie wetu yuko wapi. Nilimwambia uko Opala, una afya. Akasema Opala si mbali, wewe una miguu. Nikamwomba anionyeshe jinsi anavyofanya somo, kama vile mimi sipo.

Alinawa mikono. Akaweka tableti juu ya mapaja, akaipangusa kwa ncha ya kitenge. Ukurasa wa sikio ukafunguka. Mama Marthe akakunja kidole cha kati, na kwa kifundo, si kwa ncha, akagonga sikio: ko, ko, ko. Sauti yako ikatoa silabi moja ikakatika. Ukurasa ukapita, beseni la maji baridi likawaka, mashine ikaandika kwamba amekwisha jibu. Yote hayo yalimalizika kabla sijavuta pumzi. Akanigeuzia kioo akasema: « Uko naona? Iko najibu yenyewe. »

Nilimwomba arudie kwenye tableti nyingine. Ko, ko, ko. Nikawaita wengine wanane. Mmoja aligonga kwa ukucha, mmoja kwa kiganja, mmoja alisema « ko ko ko » kwa mdomo huku akigonga, lakini wote waligonga mara tatu. Nikamuuliza Mama Marthe kwa nini anagonga. Alinitazama kwa huruma, akaniuliza tena: « Virginie si iko mule ndani? Unaingiaka kwa mutu bila kugonga? » Nikamuuliza kwa nini basi asigonge mara moja. Akasema: « Moja, ni tunda imeanguka. Mbili, ni mbuzi. Tatu, ni mutu. » Wengine wakacheka, si kwa sababu ya maneno yake, bali kwa sababu mtoto wa mjini alihitaji kuambiwa.

Ndipo nikaona yote, nikakaa chini palepale kwenye udongo. Pigo la kwanza linafungua sauti. Mara hiyohiyo sikio linatoweka na mshale wa kwenda mbele unatokea mahali pale pale lilipokuwa sikio. Pigo la pili linaangukia mshale, ukurasa unapita, sauti yako inakufa. Kwenye ukurasa mpya, picha ya kwanza iko mahali pale pale. Pigo la tatu linajibu. Sisi wa mjini tunabonyeza mara moja na kungoja, simu zimetuzoesha. Wao walikuwa wanabisha hodi kwako, na mashine ikawahesabia adabu yao kuwa ujinga. Nilifurahi, yaya, siwezi kudanganya. Kwa dakika nzima nilifurahi tu, kama siku ile ya redio nilipoona waya mdogo unaofanya spika itetemeke.

Kisha nikamuuliza Mama Marthe, bila mashine, afanye nini mtoto akitoka na halii. Hakujibu kwa maneno. Alikunja kitenge kikawa mtoto, akamkausha haraka kichwa na mwili, akatupa kitambaa cha kukaushia, akamfunika kingine kikavu, akamsugua mgongo, akaangalia kifua. Mikono yake ilikwenda sawasawa na sauti yako kwenye somo, hatua kwa hatua. Nilipomtajia beseni la maji baridi aliacha kusugua, akauliza: « Mutoto iko samaki? » Nikamwambia ndivyo walivyoandikwa wote tisa kwenye karatasi za ofisi. Hapo hawakucheka tena. Mmoja wao akasema basi ndiyo sababu umeondoka, wao walikuwa wanafikiri umewakasirikia. Kila wakigonga ulikuwa unafungua mdomo na kuufunga, wakadhani hutaki tena kusema nao. Miezi yote hii, yaya, wamekuwa wanatafuta kosa walilokukosea.

Nilitengeneza somo palepale, kompyuta yangu ikila umeme wa sola ya kituo. Mshale nikaupeleka pembeni chini, nikauamuru usitokee mpaka sauti yako iishe. Sikio nikaliamuru livumilie mapigo yote yanayofuata la kwanza. Ilinichukua nusu saa, maswali yote manane. Kisha wakafanya somo upya, wakigonga kama walivyozoea. Saba walipata nane kwa nane, wawili walipata saba. Mama Marthe alipata nane, akaomba aone ile karatasi ya ofisi ili aitemee mate. Nikasema sikuja nayo.

Sasa nifike pale nilipokuwa nazunguka. Nimekuandikia habari zote hizi na bado sijakuambia kitu.

Yaya, mshale ule haukuzaliwa mahali pale. Tulipojaribu somo mwezi wa kwanza na wale wakunga watano wa hapa mjini, mshale ulikuwa chini pembeni, nawe ulikuwepo, na mshale ulikuwa unangoja sauti iishe. Siku mbili kabla ya tableti kupelekwa Yanonge nilikuwa nahakikisha kila ukurasa, mara nyingi mno, na kidole kilichoka kusafiri kutoka katikati hadi pembeni. Nikauleta mshale juu ya sikio. Niliona umependeza. Na ile amri ya kungoja mwisho wa sauti nikaifuta, ili niende haraka, kwa sababu nilikuwa nimechoka kukusikiliza mpaka mwisho. Ni hayo tu. Sikuwa na ubaya, nilikuwa na uvivu wa kidole na wa sikio. Nikafikiri nitairudisha kesho yake, na kesho yake tableti zikafungwa kwenye boksi.

Ningeweza kuishia hapo na ungenisamehe kwa kicheko. Lakini matokeo yalipofika mwezi wa pili, Monsieur Hugues aliniita akaniuliza kama kuna kitu chochote kilichobadilika kwenye somo tangu majaribio. Nilimwambia hakuna. Jedwali lilikuwa wazi mbele yangu. Niliona mistari tisa inayofanana, niliziona sekunde, niliona kwa hakika kwamba kuna kitu. Mimi ninayefungua kila kitu, siku ile nilifunga. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi wa tatu, na niliogopa kuwa tena yule mtoto wa skrubu zilizobaki, safari hii bila soksi ya kuzifichia. Kisha Monsieur Hugues akasema kwa kuwa takwimu ninazo mimi, niandike mimi sehemu ya Yanonge. Ile sentensi uliyoisoma mbele ya wote, kwamba mwalimu hakuwapa wanafunzi hata maarifa ya msingi, uliyodhani ni ya Hugues kwa sababu sahihi ni yake, ni yangu. Niliiandika nikiwa na chupa ya maji uliyoninunulia asubuhi ile. Ukaenda Opala ukimwambia Papa kwamba nilikutetea, nami nikabeba sanduku.

Sijalala kwa raha tangu siku ile, lakini hilo si malipo, na sikuandikii unionee huruma. Hata wiki mbili zile za kutafuta, kuna asubuhi nilizokuwa naombea iwe ni joto, au mawese, au spika. Nilichelewa kufungua jedwali hadi siku ya nane kwa sababu nilijua ningelikuta hivyo tangu siku ya kwanza.

Niliporudi kutoka Yanonge niliandika yote kwenye karatasi mbili, nikaweka sahihi, nikampa Monsieur Hugues mkononi. Alisoma mara mbili. Aliniambia kazi yangu inaisha mwisho wa mwezi huu, nikamwambia naelewa. Ripoti ya zamani imefutwa, nakala ya barua ya kuifuta iko ndani ya bahasha hii, na nafasi yako Yanonge iko wazi ukiitaka. Hajakuomba radhi kwenye barua ile. Nadhani hajui mtu anaanzia wapi, na mimi leo simcheki.

Jana nilimwambia Papa. Alifunga mlango wa depo saa sita mchana, kitu ambacho hujawahi kumwona akifanya, hata siku ya mazishi ya nyanya alifungua nusu siku. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilimwambia nitakupigia simu siku ukipata mtandao. Akasema hapana, andika, kwenye simu mtu anaweza kukata kabla hujafika kwenye kosa lako. Tangu hapo hajasema nami neno jingine. Mama hajui bado kwa nini hatuongei mezani, anadhani ni goti.

Sasa ile kadi. Nikiwa bado Yanonge, Mama Marthe aliniomba kitu kimoja. Alisema mashine sasa inasubiri, ni vizuri, lakini bado haina adabu, kwa sababu mtu akigonga lazima aliye ndani aitikie kabla ya kuanza kumuuliza maswali. Kwa hiyo nimetengeneza ukurasa mpya, ndio wa kwanza kabisa. Plamedie amechora mlango wa nyumba yako ya Yanonge, ule wa bluu, na kandambili zako nje. Mkunga anagonga mara tatu, mashine inahesabu mapigo yote matatu, kisha inapaswa itoke sauti yako imkaribishe.

Sauti hiyo sinayo. Yaani, ninayo: kwenye zile rekodi za zamani kuna mahali Fanny alibisha hodi katikati ya kazi nawe ukamwambia aingie, inasikika safi kabisa. Nilikwisha kuikata na kuipima, inatosha. Kisha nikaifuta. Nilichukua jina lako jema bila kukuuliza, sauti yako sitaichukua. Nimeacha pale sekunde tatu za ukimya. Kwenye kadi kuna somo zima jinsi lilivyo sasa, ulifungue kwenye simu yako ulione. Ukipenda, jirekodi ukisema neno moja tu la kumkaribisha mtu, lolote unalowaambia wakunga wako, urudishe kadi kwa Zakaria, atakaa Opala hadi Alhamisi. Nitaliweka kabla sijatoa vitu vyangu ofisini. Ikiwa hutaki, nitaelewa, na ukimya utabaki hivyo. Hakuna mtu mwingine atakayekaribisha mahali pako, si Fanny, si mimi. Mama Marthe nimemweleza kwamba kwa sasa hakuna jibu. Akasema si neno, wao watagonga na kungoja, kwani mwenye nyumba hajafa.

Mama anakusalimu na anakuletea dagaa kwenye kopo, mfuniko umefungwa kwa utepe kwa sababu Zakaria ana njaa ya safari. Plamedie na Fanny wanakusalimu sana. Wakunga tisa wa Yanonge wanakusalimu mmoja mmoja, walitaka niandike majina yote, lakini karatasi imeisha, utayasikia kutoka kwao. Papa hakunipa salamu za kukupa. Aliweka tu kidole gumba chake kwenye wino wa muhuri wa depo, akakandamiza hapo pembeni mwa karatasi, mahali nitakapoandika jina langu, kama shahidi.

Ko, ko, ko, yaya. Mimi hapa nje.

Mdogo wako,
Muhindo